Land Cruiser ya esansi imechoka: tuitengeneze, ao tuweke mazutu?

Kila mwaka, wakati mahindi inaanza kuingia mu depo na kesie ya koperative inakuwa na kitu kidogo, swali moja linarudia katika mikutano. Gari iko pale chini ya muembe: Land Cruiser pick-up ya zamani, ya esansi, ya silinda sita. Inawaka, lakini inakunywa. Mutu mumoja anasimama na kusema: "Tutoe hii motere, tuweke ya mazutu, tutapumuzika." Shofere anakubali. Mekano anakubali zaidi, juu kazi ni yake. Prezida anaangalia kesie, na kesie anaangalia chini.

Mimi ni agronome, si mekano. Naandika juu ya motere sababu mahindi haingojee gari. Hapa Haut-Katanga tunapanda kuanzia mwezi wa kumi na moja, mvua ikishika muzuri. NPK inapaswa kuwa ku shamba siku ile mbegu inaingia mu udongo. Urea inafuata wiki 4 mpaka 6 kisha, wakati mahindi inafika ku magoti, na wakati ule njo njia za Kasenga, za Mitwaba na za Sakania zinageuka matope. Koperative yenye gari yake inalala mu garaji mwezi wa kumi na mbili inaweza kupoteza zaidi ya bei ya motere. Mbolea inafika mahindi imekwisha kuwa manjano, na wiki zile hakuna mutu mwenye anaweza kuzirudisha.

Kwa hiyo tuzungumuze muzuri. Jibu langu ninaliweka hapa mbele, kusudi kila mutu alipime wakati anasoma: kwa koperative mingi zetu, zenye gari yao inatembea kilometa kidogo kwa mwaka, kutengeneza motere ile ile ya esansi ni bora kuliko kuweka mazutu. Mazutu inalipa, ndiyo, lakini inalipa kwa gari yenye inatembea sana. Kati ya hizo mbili kuna hesabu, na hesabu ile si ya mekano, ni ya komite.

Gari yenu ni gani?

Fungueni kapo. Mara mingi ku ukuta wa nyuma wa motere iko plaketi ndogo ya chuma. Herufi za kwanza zinasema jambo kubwa. FJ ni esansi, motere ya jamaa ya F. FZJ ni esansi vilevile, lakini ya kisasa zaidi. HJ na HZJ ni mazutu ya silinda sita, PZJ ni mazutu ya silinda tano, BJ ni mazutu ya silinda ine. Muangalie pia namba yenye kuandikwa ku bloku ya motere yenyewe, juu gari mingi zimekwisha kupita mu mikono ya watu wengi, na pengine plaketi inasema kitu kimoja, motere inasema kingine. Hapo mutu wa piesi mujini anawauzishia joini yenye haitaingia.

Pick-up za esansi zenye bado tunaona vijijini ni FJ45, yenye ilitengenezwa mpaka mwaka wa 1984, na FJ75 yenye ilichukua nafasi yake. Ndani mutakuta 2F ya lita 4,2, ao 3F ya karibu lita 4. Hizi motere ni za chuma kizito, na hazina mukaba wa distribisio wala cheni: ni pinyo kwa pinyo. Hakuna kitu cha kukatika mu njia. Tena zinabana esansi kidogo tu, karibu mara 8. Motere za leo zinabana mara 10 na zaidi. Kwa hiyo hata esansi yenye haiko safi sana, ile ya bidoni ya makadafi ku barabara, inawaka ndani yake bila kugonga sana. Mazutu ni mambo mengine, tutaona.

Udhaifu wao ni kiu. FJ75 yenye imepakia, ku njia ya mchanga ao ya matope, inaweza kumaliza lita 20 mpaka 25 kwa kilometa 100. HZJ75 ya mazutu, kwa kazi ile ile, itamaliza 13 mpaka 15. Tofauti hii ni ya kweli, na si mekano aliibuni.

Wenye kuwa na Land Rover ya zamani, ile Series III ya esansi ya lita 2,25, mambo yao ni tofauti kidogo. Motere ile iko na nguvu ndogo, karibu farasi 70. Watu wanapenda kuweka mazutu ya turbo ya Land Rover yenyewe, yenye kuwa na farasi zaidi ya 100. Inaingia, ndiyo. Lakini bwati ya viteso na mihimili ya magurudumu ya nyuma zilifanywa kwa farasi 70. Mutapata motere ya nguvu na muhimili wenye kuvunjika siku ya muzigo. Sitarudia juu ya Land Rover, sababu hapa kwetu piesi zake zimekuwa za kutafuta na taa.

Mbele ya kusema motere imekufa

Kiu ya gari si ya motere peke yake. Nimeona mara mingi gari yenye walisema "motere imeisha", kumbe freni za nyuma zilikuwa zinashika siku zote. Muinue magurudumu kwa jeki na muzungushe kwa mukono. Kama gurudumu halizunguke, esansi yenu inaisha kwa kusukuma freni. Mapine yenye upepo mudogo inakunywa pia. Na tank yenye kutoboka, na mupira wa esansi wenye kulia tone kwa tone usiku muzima. Tuseme ukweli wote: pengine esansi inatoka kwa mupira ingine, ile ya kunyonya, saa ambayo komite imelala. Kwa ile ugonjwa hakuna motere yenye inaweza kuiponyesha, hata ya mazutu.

Kisha muangalie karburateri. Hapa kuna jambo lenye watu wengi hawafikirie. Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na kila metre 100 ya kupanda inaondoa karibu asilimia 1 ya nguvu ya motere yenye haina turbo. Kwa hiyo motere yetu iko na nguvu pungufu ya karibu asilimia 12 hata ikiwa mupya. Na karburateri yenye ilipimwa kwa nchi ya chini inatoa esansi mingi kuliko hewa yenye inaingia. Moshi mweusi nyuma, buji nyeusi kama makala: njo alama yake. Mekano mwenye anajua kazi anaweza kuweka jikleri ndogo zaidi, kusafisha kuelea na sindano yake, na kuhakikisha starteri ya karburateri haibakie imefungwa motere ikishapata moto. Kazi hii ni ya siku moja, na bei yake ni kidogo sana mbele ya bei ya motere.

Delko vilevile. FJ za zamani ziko na vis platine, yenye kuungua na kuachana. Motere za F za miaka ya baadaye zilikuja na delko ya elektroniki, na ile inaweza kuingia ku motere ya zamani. Kama kuna kubadilisha kumoja kwenye ningelipia bila kufikiri sana, ni huku: moto wa buji unakuwa wa kweli asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, na shofere hasahau tena kupima nafasi ya platine.

Vumbi pia. Katika wakati wa kipwa, njia zetu nyekundu zinatoa vumbi nyembamba kama bunga. FJ mingi ziko na filtri ya hewa ya mafuta, ile bakuli yenye kukamata vumbi ndani ya mafuta. Ni nzuri, lakini inaomba kusafishwa, na wakati wa vumbi kali hata kila juma. Filtri yenye kusahauliwa njo inaua segma. Kuhusu maji: visima vya huku mingi iko na chokaa, na chokaa inafunga radiateri polepole mpaka motere inashofe. Maji ya mvua yenye kukingwa safi, pamoja na likidi ya radiateri, ni bora.

Sasa, kama yote hayo yamefanywa na gari bado haina nguvu, muombe kupima kompresio ya kila silinda. Msikubali jibu la sikio. Kifaa kile kiko mu kila garaji kubwa ya Lubumbashi, na kinaandika namba. Muziandike mu kaye. Silinda sita zenye kuwa karibu sawa, hata kama zote ziko chini kidogo, zinasema motere bado inaishi. Silinda moja yenye kuanguka mbali na zingine inasema kuna tatizo la mahali pamoja. Hapo mekano amwange kijiko cha mafuta ndani ya silinda ile na apime tena. Kama namba inapanda, segma zimeisha. Kama haipande, ni supapi ao joini ya kilasi. Tofauti ni kubwa kwa kesie: supapi ni kazi ya juu, kilasi inatoka, inaenda kwa mashini, inarudi. Segma ni kufungua motere yote.

Na kama kilasi inatoka, kuna swali la kuuliza mutu wa mashini. Esansi ya zamani ilikuwa na risasi ndani, na risasi ile ilikuwa inalinda viti vya supapi. Afrika yote ya kusini ya Sahara iliacha esansi ya risasi mwanzo wa mwaka wa 2006, kisha nchi kukubaliana kule Dakar mwaka wa 2001. Ni jambo zuri kwa akili ya watoto wetu, hakuna mwenye anaomba irudi. Lakini motere za miaka ya 1960 na 1970 zenye viti laini zinaweza kula viti vyao kidogo kidogo. Kwa hiyo muulize: "Viti hivi ni vya chuma kigumu?" Kama sivyo, viwekwe vigumu siku ile ile, kilasi ikiwa bado ku meza.

Hesabu ya kaye

Kwa miezi mitatu, shofere aandike kila safari: kilometa za kuondoka, kilometa za kurudia, lita zenye kuwekwa, muzigo. Kama kompteri imekufa, itengenezwe kwanza. Bila kaye hii, mukutano wote ni kelele.

Kisha mufanye hesabu. Naweka hapa namba za mufano. Ninyi muweke bei za kwenu za siku ile. Tuseme lita moja, ikiwa esansi ao mazutu, ni dola 1,5. Tuseme esansi inamaliza lita 22 kwa kilometa 100, na mazutu 14. Faida ni lita 8, maana yake dola 12 kwa kila kilometa 100. Tuseme tena kutengeneza motere ya esansi yote ni dola 1 800, na kuweka mazutu ya okazio, pamoja na kila kitu chenye kinaifuata, ni dola 5 000. Tofauti ni 3 200.

Gari yenye inatembea kilometa 6 000 kwa mwaka inapata faida ya dola 720. Itaomba miaka mine na nusu kulipa tofauti ile. Na motere ya okazio, nani anajua kama itafika miaka mine na nusu? Pompi ya injeksio na injekteri zikiomba dola 1 000 katikati, tunaenda karibu miaka sita. Gari yenye inatembea kilometa 25 000 inapata dola 3 000 kwa mwaka. Kwa ile, tofauti inalipwa kwa miezi 13, na hata kama pompi inaharibika, kwa miezi 17. Namba ni zile zile, gari ni ile ile. Kilometa tu njo zinabadilika.

Mimi naweka mupaka hivi: chini ya kilometa 10 000 kwa mwaka, mubakie na esansi. Juu ya 20 000, mutafute mazutu. Katikati, muangalie feza yenu, mekano wenu na mahali munapata piesi.

Lakini kuna hesabu ingine, na kwangu ni ya maana zaidi. Tuchukue koperative ya hekta 30, kila hekta gunia 4 za NPK na 2 za urea. Ni gunia 180, tani 9. Pick-up inabeba tani moja, gunia 20. Ni safari 9. Kama kwenda na kurudi ni kilometa 160, ni kilometa 1 440, karibu lita 317 za esansi, na shofere, na mapine, na siku 9. Kamioni moja ya kukodi inabeba tani 9 mara moja, kama njia bado iko muzuri, maana yake mwezi wa kenda ao wa kumi. Hapo kiu ya pick-up haina maana tena, juu pick-up haikupaswa kufanya kazi ile. Kazi yake ni ile yenye kamioni haiwezi: kilometa 15 za mwisho mwezi wa kwanza, mbegu, pampu za dawa, mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku. Kwa kazi ile, inatembea kidogo, na inapaswa kuwaka kila mara. Esansi ya pinyo kwa pinyo, yenye kutengenezwa muzuri, inatosha.

Kama munachagua mazutu

Basi, kaye inasema kilometa 25 000. Mazutu gani? Hapa sifikirie sana: ni 1HZ, silinda sita, lita 4,2, bila turbo. Ilikuja mu HZJ75 mwaka wa 1990, na mashirika ya misaada na kampuni za migodi zimeitumia miaka mingi. Kwa hiyo filtri, joini, pompi ya maji na watu wenye kuijua wako Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Motere ya ajabu yenye haijulikane, hata kama bei yake iko chini, itawafanya mungojee piesi wiki tatu kutoka Ndola ao Dar es Salaam. Mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu ni musimu.

Msinunue motere peke yake. Munuee pamoja na bwati ya viteso, volani na ambreyaji, mikono ya kuishikilia, radiateri, filtri ya mazutu na kitenga maji yake, relé ya buji za joto, na alternateri yake. Juu ya alternateri nataka kusimama kidogo. Freni za FJ zinasaidiwa na upepo wenye motere ya esansi inavuta ndani yake. Motere ya mazutu haivute vile. Ku 1HZ, pompi ndogo nyuma ya alternateri njo inafanya kazi ile. Kama mekano anaweka alternateri ya kawaida, yenye haina pompi, gari itawaka, itatembea, na siku ya kushuka mlima na tani moja, mguu utasukuma freni yenye kuwa ngumu kama jiwe. Muangalie kitu hiki kwa macho yenu, kabla ya kulipa.

Kuna pia voliti. Motere zingine za mazutu zenye kutoka Japani ni za voliti 24, na gari yenu ya esansi ni ya 12. Demareri, buji za joto na relé zote zinapaswa kuwa za voliti moja na gari. Tank ya esansi itoke, isafishwe, ikauke, juu esansi yenye kubakia inaharibu pompi ya injeksio, yenye kupakwa mafuta na mazutu yenyewe. Na lazima kuwe mupira wa kurudisha mazutu ku tank. Motere ya mazutu ni nzito, kwa hiyo resori za mbele ziangaliwe.

Sasa ule uchafu wenye nilisema. Karburateri inaweza kusamehe maji kidogo: unafungua, unapuliza, unaenda. Pompi ya injeksio haisamehe. Mazutu yenye maji, ao yenye kuchanganywa na petroli ya taa, inakula vyuma vyake vya ndani, na bei yake inaweza kufika sehemu kubwa ya bei ya motere. Kwa hiyo mwenye kuchagua mazutu anachagua pia kuacha bidoni za ku barabara, kununua ku stasio yenye inajulikana, kuachia bidoni zitulie siku moja mbele ya kumimina, na kufungua kitenga maji kila juma wakati wa mvua. Kama hamuwezi kufanya ile, mubakie na esansi, bila haya.

1HZ iko na mukaba wa distribisio, si pinyo. Ukikatika, supapi zinagonga pistoni. Motere ya okazio inapofika, mukaba ubadilishwe siku ya kwanza, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mupya, na tarehe na kilometa ziandikwe ndani ya kapo. Kisha kila kilometa 100 000.

Namna ya kuangalia motere ya okazio: muombe iwashwe ikiwa baridi. Kama munafika na imekwisha kuwa na moto, murudie kesho asubuhi. Mufungue kifuniko cha mafuta ikizunguka; moshi wenye kutoka kwa nguvu ni segma. Mafuta yenye kufanana na maziwa ni maji ndani. Mapovu mu radiateri ni joini ao kilasi yenye kupasuka, na 1HZ yenye ilishofe mara moja inaweza kupasuka kilasi. Moshi wa buluu wa dakika moja naweza kuusamehe; wenye haukome, hapana.

Kuna mambo mawili yenye siwashauri. Watu wanapenda kuongezea 1HZ turbo. Nguvu inapanda kweli, na ku metre 1 200 turbo inarudisha hewa yenye tulipoteza. Lakini joto linapanda vilevile, na shofere mwenye haana kipimo cha joto la moshi atayeyusha pistoni mu mchanga wa Luapula bila kujua. Kwa gari ya mwenyewe, afanye. Kwa gari ya wanachama 80, apana. Jambo la pili ni kuweka motere ya esansi kubwa zaidi, kama ile FZ ya lita 4,5 ya mwaka wa 1992 na kuendelea. Ni motere nzuri, ya cheni, yenye nguvu. Itawapeleka haraka zaidi ku stasio.

Karatasi, feza na kalenda

Uamuzi wa dola elfu mbili ao elfu tano si wa prezida peke yake. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka wa 2012, na koperative zenye kuandikishwa kama SCOOPS ziko na komite ya usimamizi na komisio ya uangalizi. Mukutano ukubali, iandikwe mu prosè-verbal, na namba za kaye ziunganishwe. Komisio ya uangalizi iende yenyewe mu garaji kuona.

Piesi, koperative inunue yenyewe na risiti ibakie kwa kesie. Mekano alipwe kazi tu. Mulipe kwa mara tatu: ya kwanza wakati wa kuanza, ya pili siku motere inawaka, ya mwisho kisha kilometa 1 000 na kubadilisha mafuta, gari ikiwa imepanda mlima na muzigo mbele ya watu wa komite. Mekano wa kweli hatakataa. Kwa motere ya okazio, muombe karatasi ya douane ya DGDA yenye namba ya motere ile, na namba mupya iingizwe ku karte roze. Bila hiyo, kila bariere itakuwa na bei yake, na siku ya kuuzisha gari hakuna mwenye atainunua kwa bei ya haki.

Kalenda inatoka ku shamba. Mavuno inaisha mwezi wa sita: mupime kompresio na mufanye mukutano. Mwezi wa saba garaji. Mwezi wa nane gari itembee na nusu ya muzigo, bila kukimbia, bila kuvuta gari ingine, kusudi segma mupya zikae mahali pao. Ku kilometa 500 mafuta ya kwanza yatoke, ku 1 000 ya pili, na mekano aangalie tena kukazwa kwa kilasi. Mwezi wa kenda inaweza kubeba tani yake. Koperative yenye kuanza kazi hii mwezi wa kumi, naiomba iache, ikodi kamioni kwa mbolea, na ingojee mwaka ujao.

Motere ya zamani yenye kutoka ni mali ya wanachama. Mara mingi inabakia mu garaji "kwa muda", na kisha miezi miwili haionekane tena. Iandikwe mu inventeri, irudie ku depo, iwekwe juu ya mbao, matundu ya buji yafungwe na vitambaa vyenye mafuta. Karburateri, delko, demareri na pompi ya esansi zinaweza kuuzishwa kwa koperative ingine yenye bado iko na FJ, na kati ya Kasenga na Pweto bado ziko.